Spana ya Mwenye Gari: Historia ya Matengenezo ya Nyumbani

Historia ya gari kwa kawaida huandikwa kama historia ya viwanda, barabara na mashindano, na ni mara chache sana huandikwa kutoka uani, mahali ambapo mwenye gari asiyemudu gharama za gereji, au anayeishi mbali na gereji yoyote, huliinua gari lake kwa jeki, huyakinga magurudumu kwa mawe na kuanza kulifungua mwenyewe. Desturi hiyo imedumu kwa zaidi ya karne moja na imewapa watu wasiohesabika elimu ya mitambo ambayo hawakuipata darasani, ilhali wengi wao waliishia katikati ya kazi, injini ikiwa wazi na bolti moja ikiwa imekataa kutoka. Mtu aliyekwama namna hiyo huelekea kujilaumu mwenyewe. Hata hivyo, ukifuatwa mwenendo wa desturi hii tangu mwanzo wake, huonekana kwamba ugumu uliomkabili haukuwa wakati wowote suala la mikono yake pekee, kwa kuwa kiasi cha kazi kilichoweza kumalizwa nyumbani kiliamuliwa mbali naye, na wale walioiunda injini, waliochagua vipimo vya nati zake na waliokuwa na mamlaka ya kutoa au kuficha maelezo ya namna ya kuifungua.

Katika miaka ya mwanzo, suala la mwenye gari kujitengenezea lilikuwa karibu halipo, kwa sababu gari lilikuwa mali ya matajiri, nao walimwajiri mtu mmoja aliyeendesha, aliyeosha na aliyetengeneza. Hilo halikumaanisha kwamba gari liliweza kusafiri bila mtu wa kulitengeneza njiani. Mwaka 1888 Bertha Benz alipoliendesha gari la mumewe, Carl, kutoka Mannheim hadi Pforzheim nchini Ujerumani, safari ya kilomita zaidi ya 100 ambayo huhesabiwa kuwa safari ndefu ya kwanza ya gari la petroli, inasimuliwa kwamba alizibua bomba la mafuta kwa pini ya kofia na kumwomba fundi viatu apigilie ngozi kwenye breki zilizokuwa zimelika. Nchini Uingereza, mwaka 1909, dereva wa mashindano Dorothy Levitt alitoa kitabu kilichowahimiza wanawake wazijue sehemu za injini na kuzihudumia wenyewe badala ya kumtegemea mwajiriwa. Mifano hiyo miwili ni ya watu wachache waliobahatika, na haikuweza kuwa desturi ya umma mpaka gari lenyewe lilipobadilika.

Gari lililofanya mabadiliko hayo ni Ford Model T, lililoanza kuuzwa Marekani mwezi Oktoba 1908 na kuendelea kutengenezwa hadi mwaka 1927, baada ya magari zaidi ya milioni 15 kutoka kiwandani. Bei yake ya mwanzo ilikuwa dola 850 hivi, na kufikia katikati ya miaka ya 1920 aina yake ya bei ya chini kabisa iliuzwa kwa dola 260, kiasi ambacho mkulima wa kawaida wa Kansas au Iowa aliweza kukipata. Mkulima huyo aliishi mbali na mji, barabara yake ilikuwa ya udongo, na tayari alikuwa amezoea kufua, kuchomelea na kufunga upya mashine za kuvunia. Gari lilimkuta akiwa fundi wa nusu daraja, nalo lilikuwa limeundwa kana kwamba lilimjua: silinda zake 4 zilikuwa katika kipande kimoja cha chuma, kifuniko chake cha juu, ambacho mafundi wa leo hukiita silinda hedi, kilitoka kwa kufungua bolti chache, na petroli ilishuka kwenye kabureta kwa uzito wake yenyewe bila pampu yoyote. Mpangilio huo wa mwisho ulikuwa na adhabu yake, kwa maana kwenye mlima mkali, tangi likiwa na mafuta kidogo, injini ilikosa petroli na dereva akalazimika kugeuza na kuupanda mlima kinyumenyume.

Jambo lililokuwa na uzito zaidi kwa matengenezo ya nyumbani ni kulingana kwa spea. Kabla ya hapo, kipande kipya kilichonunuliwa kwa ajili ya gari mara nyingi kilihitaji kupigwa tupa hadi kikae mahali pake, kazi iliyohitaji fundi aliyebobea. Kiwanda cha Ford cha Highland Park, ambako mwaka 1913 ulianzishwa utaratibu wa gari kuunganishwa likiwa linasogezwa mbele ya wafanyakazi, hakingeweza kufanya kazi hata siku moja kama vipande vyake havikufanana kikamilifu. Kwa hiyo sifa iliyotakiwa na kiwanda kwa ajili ya kasi yake ilimfaidia pia mtu wa zizini, ambaye aliweza kuagiza kipande kwa posta, au kukinunua katika duka la misumari na rangi, akiwa na hakika kwamba kingeingia. Ford pia ilimpa mnunuzi kijitabu kilichopangwa kwa maswali na majibu, na ndani yake haikuonekana kuwa ajabu kumweleza mtu asiye fundi namna ya kusafisha plagi, kurekebisha kabureta au kuondoa kaboni kwenye silinda.

Isidhaniwe kwamba kazi zote za gari hilo zilikuwa nyepesi. Giaboksi yake haikuwa na gia za kusogezana kama za magari ya baadaye, bali ilikuwa na ngoma tatu zilizozungukwa na mikanda ya chuma yenye kitambaa kinene cha pamba kwa ndani; dereva alipokanyaga pedali, mkanda mmoja ulibana ngoma yake, na gari likaenda polepole, likarudi nyuma au likasimama. Kitambaa hicho kililika, na kukibadilisha kulimaanisha kuondoa ubao wa sakafuni na kufungua kifuniko cha juu ya giaboksi, kisha kufanya kazi kwa vidole katika tundu finyu lililojaa oili. Nati iliyoponyoka hapo ilitumbukia chini ya ngoma, na haikuwezekana kuliwasha gari kabla haijapatikana, kwa hiyo waliokwisha kupata funzo hilo walishindilia kitambaa tunduni kabla ya kugusa nati ya kwanza. Kazi ngumu zaidi ilihusu beringi za konrodi, yaani mikono inayounganisha pistoni na kranki. Beringi hizo zilimiminwa kwa madini laini ya bati, antimoni na shaba yaliyobuniwa na Isaac Babbitt mwaka 1839, na zilipolika injini iligonga. Mwenye gari alilala chini yake, akafungua kifuniko cha konrodi, akakipunguza kwa tupa unyweleunywele, akakifunga tena, akazungusha kranki kwa mkono kupima kama imekaza mno au bado inacheza, na akarudia hayo kwa kila silinda. Aliyepunguza kupita kiasi hakuwa na njia ya kurudisha chuma kilichokwisha kuondoka.

Kati ya vita viwili vya dunia, kazi iliyowakutanisha wenye magari wengi zaidi na injini zao ilikuwa ile ya kuondoa kaboni na kusaga vali. Petroli ya wakati huo iliacha masizi magumu juu ya pistoni na ndani ya silinda hedi, kiasi kwamba kila baada ya kilomita elfu kadhaa injini ilipoteza nguvu na kuanza kugonga, na dawa ilikuwa ni kuivua hedi, kukwangua masizi kwa kipande cha mbao au chuma kisichochuna, kisha kuzishughulikia vali. Vali ilipakwa unga wa kusagia uliochanganywa na mafuta, ikawekwa kwenye kiti chake na kuzungushwa nusu mzunguko kwenda na kurudi, ikiinuliwa kila mara ili unga ujisambaze upya, mpaka uso wake na kiti chake vilipoonyesha utepe wa kijivu usiokatika mahali popote. Ilikuwa kazi ya Jumamosi nzima, haikuhitaji kifaa cha bei kubwa, na ilimlipa aliyeifanya kwa subira, kwa sababu utepe huo ulionekana kwa macho na ukweli wa kazi haukuhitaji kuthibitishwa na mtu mwingine. Mafuta yaliyotiwa risasi, yaliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1923 kutokana na utafiti wa Thomas Midgley katika kampuni ya General Motors, yalipunguza kugonga kwa injini, na kadiri mafuta na vyuma vilivyoendelea kuboreka ndivyo kazi hiyo ilivyozidi kuwa ya nadra. Madhara ya risasi kwa afya ya watu ni historia nyingine, nzito kuliko hii.

Uingereza baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia ndiyo iliyoifanya desturi hii kuwa sehemu ya maisha ya mitaani. Magari mapya yalikuwa machache kwa sababu serikali ilitaka viwanda viuze nje, kwa hiyo familia nyingi zilinunua magari yaliyotengenezwa kabla ya vita, na mwaka 1960 serikali ikaanzisha ukaguzi wa lazima wa usalama kwa magari yenye umri wa miaka 10 au zaidi, umri ambao ulishushwa hadi miaka 3 kufikia mwaka 1967. Breki zilizokuwa zikivumiliwa sasa zilimzuia mtu kwenda kazini, na wengi wakaingia chini ya magari yao kwa kulazimika. Huko walikutana na kikwazo ambacho kinastahili kuelezwa kwa kirefu kwa sababu kinaonyesha vizuri jinsi uamuzi wa mbali unavyomfika mtu mkononi. Nati za Kiingereza zilifuata kiwango kilichopendekezwa na Joseph Whitworth mwaka 1841, ambacho spana zake zilipewa namba kwa unene wa bolti na si kwa upana wa kichwa chake, na kando yake kulikuwa na kiwango cha meno membamba zaidi. Kisha mwaka 1948 Uingereza, Marekani na Kanada zikakubaliana juu ya kiwango kingine kilichopima spana kwa upana wa kichwa. Na katika miaka ya 1970 viwanda vikaanza kuhamia milimita. Gari moja, hasa Land Rover za awali, liliweza kuwa na nati za viwango zaidi ya kimoja. Mtu mwenye seti moja ya spana alijaribu iliyokaribia, spana ikateleza, pembe za nati zikalika, na kazi ya dakika tano ikageuka kuwa ya patasi na nyundo.

Kikwazo cha pili kilikuwa maelezo. Kampuni za magari zilichapa vitabu vya karakana, lakini viliandikwa kwa ajili ya mafundi wa mawakala wake, watu waliokwisha kufunzwa na waliokuwa na vifaa maalumu ukutani, hivyo mara kwa mara vilimwamuru msomaji atumie kifaa chenye namba fulani bila kumweleza afanye nini iwapo hakuwa nacho. Aliyeliziba pengo hilo alikuwa John Haynes, aliyezaliwa Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka, mwaka 1938, na ambaye akiwa bado mwanafunzi wa bweni katika kaunti ya Kent alilibadilisha gari dogo la Austin Seven kuwa la mashindano, akaandika kijitabu kuhusu kazi hiyo mwaka 1956, na kuona nakala zake 250 za kwanza zikiisha ndani ya siku chache. Alijiunga na jeshi la anga la Uingereza, na mwaka 1965 alikuwa Aden, bandari ya Bahari ya Hindi ambayo majahazi ya Lamu, Mombasa na Unguja yaliijua kwa karne nyingi. Huko mwenzake mmoja alikuwa amenunua gari la Austin-Healey Sprite lililochakaa na akamwomba msaada. Haynes alipoona kwamba kitabu cha kiwanda hakikuwafaa, waliifungua injini hatua kwa hatua huku kila hatua ikipigwa picha, wakaifunga tena kwa utaratibu huohuo, na kutokana na picha hizo kukapatikana mwaka 1966 kitabu cha kwanza cha mfululizo uliobeba jina lake, ambacho nakala zake 3,000 ziliuzwa katika miezi isiyozidi mitatu.

Uzito wa kitabu hicho ulikuwa katika namna kilivyotengenezwa. Kila kitabu cha mfululizo huo kilisimama juu ya gari halisi lililonunuliwa, likafunguliwa na kufungwa upya, na palipohitajika kifaa maalumu waandishi walitafuta njia ya kufanya kazi kwa vifaa vya kawaida, kwa sababu wao wenyewe walikuwa wamekwamia palepale ambapo msomaji wao angekwamia. Michoro yake ilikionyesha kila kipande kikielea mbali kidogo na jirani yake, kwa mpangilio uleule wa kufungwa, kiasi kwamba mtu aliyebaki na pete moja mkononi baada ya kumaliza aliweza kutambua ilikotoka. Bila shaka vilikuwa na udhaifu wake: maelezo ya kufungua yalikuwa marefu na ya kufunga yakawa mafupi mno, ilhali mtu aliyewahi kurudisha giaboksi mahali pake akiwa amelala chali anajua kwamba kurudisha ni kazi tofauti kabisa na kushusha. Hata hivyo vitabu hivyo vilivunja mipaka ya elimu iliyokuwa imefungiwa ndani ya mawakala, na kwa hilo Haynes, aliyefariki mwaka 2019 baada ya vitabu vyake kuuzwa kwa mamilioni mengi duniani, anastahili nafasi katika historia ya elimu ya watu wazima na si katika historia ya magari peke yake.

Marekani nayo ilipata kitabu chake mwaka 1969, wakati mhandisi John Muir, aliyekuwa akiishi New Mexico, alipotoa mwongozo wa kuitunza Volkswagen ulioandikwa kwa lugha ya upole na kuchorwa na Peter Aschwanden. Gari lenyewe lilimsaidia, kwa sababu injini ya Volkswagen ya kobe ilipozwa kwa hewa, haikuwa na rejeta wala mipira ya maji, na ilishikwa kwenye giaboksi kwa bolti na nati nne, kiasi kwamba mtu mwenye jeki imara aliweza kuishusha na kuivuta nje kwa nyuma. Mwezi Februari 1972 gari hilo liliipita rekodi ya Model T ya wingi wa magari yaliyotengenezwa.

Afrika Mashariki iliyajua magari hayohayo kwa njia yake. Mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 kupitia Kenya, Uganda na Tanganyika, yaliwapa wakazi wa eneo hili kipimo cha wazi cha gari linalovumilia, na baada ya Peugeot 404 kushinda mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968, Peugeot ikawa gari la watumishi, la wafanyabiashara na la abiria wa masafa marefu. Lakini mgawanyo wa kazi ulikuwa tofauti na ule wa Kent au Kansas. Mwenye gari wa Dar es Salaam au Kisumu mara nyingi hakulala chini ya gari yeye mwenyewe. Alimwita fundi nyumbani, akakaa kwenye kigoda kando yake, akapokea orodha ya spea, akaenda kuzitafuta Kariakoo na Gerezani au barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, akarudi na kushuhudia kila kipande kikiingia. Kukaa huko hakukuwa uvivu. Kulikuwa ni ulinzi wa spea mpya zisibadilishwe na za zamani, na kulikuwa pia ni shule, kwani baada ya injini kushushwa mbele yake mara mbili tatu mwenye gari aliweza kutofautisha mlio wa konrodi na mlio wa vali, na kazi ndogo akazifanya mwenyewe.

Gereji zilizokua chini ya miembe, ambazo Tanzania huziita gereji bubu kwa sababu hazina kibao wala usajili, zilikuwa mwendelezo wa uani kuliko kuwa mfano mdogo wa karakana ya wakala. Mwanahistoria Joshua Grace, katika kitabu chake kuhusu magari na maendeleo ya Tanzania kilichotoka mwaka 2021, ameonyesha kwamba ufundi wa namna hiyo ulikuwa mahali pa kuzalisha maarifa, na hoja yake inapata nguvu zaidi inapotazamwa miaka ya mwisho ya 1970 na mwanzo wa miaka ya 1980. Vita dhidi ya Idi Amin, kupanda kwa bei ya mafuta mwaka 1979 na upungufu wa fedha za kigeni vilifanya spea kuwa adimu kuliko gari lenyewe, na serikali ikapiga marufuku kuendesha magari binafsi Jumapili mchana ili kuokoa petroli. Gasketi, yaani karatasi ngumu inayoziba mahali vipande viwili vya chuma vinapokutana, ilitengenezwa kwa kulaza karatasi juu ya kipande na kuigonga taratibu kwa kichwa cha nyundo kando ya kingo zake, mpaka chuma chenyewe kikaikata kwa umbo lake, na matundu ya bolti yakatobolewa kwa mgongo wa nyundo ya mviringo. Bushi zilichongwa kutoka tairi kuukuu, na tangi lililovuja lilisuguliwa kwa sabuni ya mche, ambayo petroli haiiyeyushi kwa urahisi, likafika safari. Kuanzia mwaka 1984, serikali iliporuhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, spea zilianza kurudi madukani, lakini ujuzi uliojengwa katika uhaba huo ulibaki.

Kilichofuata ni mafuriko ya magari ya mitumba kutoka Japani, na hapo uani pakapata nafuu na taabu kwa pamoja. Nafuu ilikuwa ya vipimo. Bolti ya milimita 8 hufunguliwa kwa spana namba 13 katika Volkswagen na kwa namba 12 katika Toyota, lakini Toyota yenyewe hubaki ndani ya familia ndogo ya namba 10, 12, 14 na 17, hivyo mtu mwenye spana hizo nne aliweza kuifungua sehemu kubwa ya gari lake. Taabu ilikuwa ya maelezo, kwa kuwa kijitabu kilichokuja na gari kiliandikwa Kijapani, na pia ya nafasi, kwa kuwa injini zilizolazwa kwa upande na kuendesha magurudumu ya mbele, mtindo uliopata umaarufu kutokana na Mini ya Alec Issigonis ya mwaka 1959, ziliifanya kazi ya kubadilisha klachi kuwa ndefu. Katika gari la zamani giaboksi ilishushwa moja kwa moja. Katika hizi ni lazima kwanza kutoa mihimili ya magurudumu na kuitegemeza injini isianguke, huku spana ikigeuka kwa pembe ndogo tu kabla ya kugonga ukuta.

Wakati huohuo injini ilikuwa inahama kutoka kwenye vyuma kwenda kwenye waya. Sheria za Marekani za kupunguza moshi, kuanzia ile ya mwaka 1970, zilivilazimisha viwanda kuacha kabureta na kuikabidhi kompyuta kazi ya kupima petroli, na kompyuta hiyo ikapewa uwezo wa kuandika hitilafu iliyoiona. Toyota za miaka ya 1980 na mwanzo wa 1990 zilimruhusu mtu yeyote kuisoma: chini ya boneti palikuwa na kasha dogo jeusi la plastiki, na kipande cha waya kilichounganisha vishimo vya TE1 na E1 kilifanya taa ya injini kwenye dashibodi ianze kukonyeza, mara nne, kimya kidogo, kisha mara mbili, kumaanisha namba 42, yaani hitilafu ya kipima mwendo. Mafundi wa mitaani walizihifadhi namba hizo kichwani. Kuanzia magari ya mwaka 1996, Marekani ililazimisha magari yote yawe na soketi ya aina moja yenye pini 16 na namba za hitilafu zinazofanana kwa kampuni zote, na Umoja wa Ulaya ukafuata kwa magari ya petroli mwaka 2001. Kifaa cha kuzisoma, ambacho hapo awali kilikuwa cha karakana kubwa, siku hizi hununuliwa kwa bei ya betri au chini yake na kuunganishwa na simu.

Upatikanaji huo umeleta aina mpya ya kukwama. Namba P0301 hueleza kwamba silinda ya kwanza inamisi, yaani mchanganyiko wake hauwaki ipasavyo, lakini haielezi sababu, ambayo yaweza kuwa plagi, koili, bomba la kurushia petroli, waya uliokatikia ndani ya ganda lake au vali isiyofunga. Mwenye gari aliyeamini kwamba kompyuta imempa jibu hununua koili, kisha plagi, kisha bomba, na fedha zote alizokusudia kuziokoa zikaishia dukani. Fundi mzuri huhamisha koili ya silinda ya kwanza kwenda ya pili na kuangalia kama hitilafu imehama nayo, njia ambayo haihitaji fedha yoyote na ambayo kwa msingi wake haina tofauti na ile ya mkulima wa Kansas aliyesikiliza silinda moja moja.

Kwa hiyo mapambano ya miaka ya karibuni yamekuwa juu ya maelezo kuliko kitu kingine chochote. Umoja wa Ulaya mwaka 2002 ulitoa kanuni iliyozitaka kampuni za magari zizipe gereji huru maelezo yaleyale zinayowapa mawakala wake. Katika jimbo la Massachusetts nchini Marekani, wapiga kura waliidhinisha mwaka 2012, kwa wingi mkubwa sana, sheria ya haki ya kutengeneza, na mwaka 2014 kampuni zikakubali kuifuata nchi nzima kwa makubaliano. Mwaka 2020 wapiga kura wa jimbo hilo waliipanua ihusu pia taarifa ambazo gari huzituma kwa kampuni bila waya, na chama cha watengenezaji kikaipinga mahakamani. Kenya hairuhusu kuingizwa kwa gari la mtumba lililozidi miaka 8, maana yake ni kwamba magari ya kizazi kilichobishaniwa Massachusetts yamekwisha kuanza kuteremshwa Kilindini, yakielekea kwa wamiliki ambao hakuna aliyewauliza juu ya jambo hilo. Kubadilisha pedi za breki kulikuwa, kwa muda mrefu, miongoni mwa kazi ambazo mtu asiye fundi alithubutu kuzifanya nyumbani, kwa jeki, spana mbili na koleo la kurudisha pistoni ya breki ndani. Katika magari mengi kati ya hayo breki ya mkono inaendeshwa na mota ya umeme iliyofungwa kwenye breki za nyuma, na pistoni hairudi ndani mpaka kompyuta ya gari iamriwe kuiachia.